Msiishie Kwenye Ua wa Thimlich: Barua ya Wazi Kuhusu Mahame ya Migori

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Migori. Waheshimiwa wa Bunge la Kaunti. Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Na Waziri anayesimamia madini. Nakala kwa Mheshimiwa Gavana wa Homa Bay, kwa kuwa kuta hizi zilijengwa kabla ya mtu yeyote kuchora mpaka kati ya kaunti zetu mbili.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima, kisha niseme moja kwa moja kilichonileta. Kuta za mawe za watu waliotutangulia zinabomolewa huku Nyatike, jiwe moja moja, mchana kweupe, na wanaozibomoa si wezi wala wahuni. Ni majirani zetu wanaojenga nyumba. Ni lori lililokuja kubeba mawe ya msingi. Ni kijana anayefuata mshipa wa dhahabu. Wanafanya hivyo kwa kuwa hakuna ramani, kibao wala afisa aliyewahi kuwaambia wasiguse.

Mwaka 2018 Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikiwa kikaoni Manama kule Bahrain, iliingiza Thimlich Ohinga, makazi ya kale ya kuta za mawe yaliyo katika kaunti hii, katika orodha yake. Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Tangu siku hiyo kiongozi akisimama jukwaani kutaja urithi wa Migori, hutaja Thimlich, akaketi. Lakini Thimlich ni moja. Watafiti waliozunguka eneo hili la ziwa, tangu kazi ya Laurel Lofgren miaka ya 1960 hadi ya Isaya Onjala ya karibuni, wametuachia hesabu ya maeneo 138 yenye majengo 521 ya mawe. Thimlich ndiyo kubwa na ndiyo iliyosalimika kuliko zote, ndiyo maana ikachaguliwa. Nyingine ziko Kadem, Karungu, Kanyamwa, Gwassi na kwingineko, vilimani na ndani ya mashamba ya watu, zimefunikwa na vichaka. Hesabu hiyo imo katika maandishi ya wasomi. Haijafika kwa chifu, haijafika kwa mwenye shamba, wala kwa dereva wa lori.

Ombi langu ni moja, na yote nitakayosema yanalihusu. Naomba kaunti na Makumbusho ya Kitaifa mwandike daftari la kila ohinga (ndivyo tunavyouita ua wa mawe; zikiwa nyingi, ohingni) na kila makazi ya kale yaliyohamwa katika kaunti hii, lenye mipaka iliyopimwa ardhini, na daftari hilo lipewe nguvu: pasitolewe kibali cha kuchimba madini, cha kuvunja mawe wala cha kupitisha barabara kabla halijafunguliwa na kusomwa.

Nataka wale ambao bado hawajafika waelewe ni kitu gani kinachopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo kwenye kuta zenyewe. Thimlich iko kama kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori. Eneo lote ni hekta 21, na ndani yake mna nyua nne kubwa: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Wataalamu wanakadiria zilijengwa karne ya 16. Ukuta una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, zilizopangwa kwa mawe yasiyochongwa, na katikati pamejazwa mawe madogo. Hakuna udongo wa kushikilia, hakuna chokaa, hakuna msingi uliochimbwa. Ukuta unasimama kwa uzito wake na kwa namna kila jiwe lilivyochaguliwa likae juu ya lenzake. Kwa urefu unaanzia mita 1.5, na mahali pengine unafika mita 4.5; unene wake ni kati ya mita 1 na 3. Haukunyooka. Unapindapinda, na sehemu zilizohitaji nguvu zimeongezewa viegemeo vya mawe hayo hayo. Lango ni fupi, limebebwa na mawe marefu yaliyolazwa juu, hivi kwamba kila anayeingia sharti ainame, na mtu aliyeinama hawezi kuinua mkuki.

Ukishainama na kuingia, unakuta mji. Kuna mazizi ya ng'ombe yaliyozungushiwa kuta zake ndogo katikati ya ua. Kuna vibonde vya mviringo vilivyoachwa na nyumba. Kuna mawe ya kusagia nafaka, na kwenye mwamba kuna vishimo vya ajua vilivyotobolewa safu kwa safu, ambapo watu walikaa wakacheza bao jioni mifugo ikisharudi. Nje ya kuta palikuwa na mahali pa kufulia chuma. Huu haukuwa ua wa kujifichia siku ya vita peke yake. Watu waliishi humu, wakazaa, wakalima ng'ambo ya ukuta, wakafua majembe, wakarekebisha palipobomoka, na waliokuja baada yao wakafanya vivyo hivyo kwa karne kadhaa.

Sasa, ukuta wa namna hii una udhaifu wake, nao ndio sababu ya barua hii. Kwa kuwa hakuna kinachoyashika mawe zaidi ya mawe yenyewe, ukitoa machache ya chini ya uso wa nje, yale madogo ya katikati yanaanza kumwagika. Mvua inapita ndani. Mzizi wa mti unapata nafasi. Mwaka unaofuata kipande kizima kinalala chini, na mawe yaliyolala chini kila mtu huyaona ni mali ya bure. Hapo ndipo lori linapokuja, na hapo hata mtu mwema haoni tena kama alibeba ukuta. Anaona amesafisha shamba.

Nimesimama katika boma moja ambapo msingi wa nyumba ya mabati, kuta za zizi la mbuzi na ngazi ya kuingilia jikoni vyote vilitoka kwenye ohinga iliyo nyuma ya shamba la mtama. Mwenye boma hakunificha kitu. Alisema babu yake aliyakuta mawe pale, baba yake akaanza kuyatoa, naye anaendelea. Kwenye ile ngazi ya jikoni jiwe la juu kabisa ni la kusagia. Uso wake umelika katikati, umelainika kwa mikono ya wanawake waliosaga juu yake miaka na miaka, na watoto wanalikanyaga wakiingia kuchukua maji. Nilimuuliza kama kuna mtu wa serikali aliyewahi kumzungumzia juu ya zile kuta. Akanijibu, "Wewe ndiye wa kwanza." Simlaumu hata kidogo, na naomba ninyi pia msimlaumu. Mkimpelekea askari kabla ya kumpelekea maelezo, atamalizia ukuta usiku mmoja ili asije akanyang'anywa shamba. Hofu ya kunyang'anywa ardhi ndiyo inayobomoa haraka kuliko umaskini, na daftari ninaloliomba lisipoandikwa pamoja na wenye mashamba litaongeza hofu hiyo.

Najua swali litakaloulizwa mara tu jambo hili likifika mezani, nalo ni la nani aliyejenga. Migori ni kaunti ya Wajaluo, Wakuria, Wasuba, Waluhya, Wakisii, Wasomali na wengine, na swali la nani alitangulia linaweza kuwasha moto mahali pasipo na kuni. Utafiti uliofanywa unaeleza kwamba makazi haya yalikaliwa na jamii tofauti kwa zamu, za Kibantu na za Kinailoti, kila moja ikirekebisha ilichokikuta na kuongeza chake. Waashi wa kwanza hawakuacha jina. Kwangu mimi hilo linatupa urahisi mkubwa wa kuzilinda kuta hizi, kwa sababu hakuna ukoo unaoweza kusema ni zake peke yake na hakuna ukoo unaoweza kusema hazimhusu. Ningependa daftari liandikwe kwa moyo huo, na kamati ya kuliandika iwe na wazee wa pande zote, wa Kuria na wa Suba vilevile.

Na wazee hao wafikiwe upesi. Desturi ya kuishi ndani ya kuta za mawe haikufa zamani za kale. UNESCO yenyewe inaitaja kuwa iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Watu walipoanza kutawanyika, kila mwanamume akajenga dala yake, yaani boma lake, ua wa mawe ukawa ua wa miti ya bondo na ojuok, lakini umbo likabaki la mviringo, lango likabaki na heshima yake na mifugo ikabaki katikati. Maana yake ni kwamba wapo wazee leo waliosimuliwa na bibi na babu waliozaliwa ndani ya ohingni, wanaojua hili lilikuwa lango la nani, kisima kilikuwa wapi, kwa nini kilima fulani kilihamwa na kingine kikabaki. Jiwe linaweza kusubiri miaka kumi chini ya kichaka. Mzee wa miaka themanini na tano hawezi kutusubiri. Kila mazishi tunayohudhuria huku tunazika sehemu ya daftari hilo.

Waheshimiwa, mahame yetu si ya mawe tu. Teremkeni kutoka Thimlich mwende hadi Macalder. Huko dhahabu ilichimbwa tangu miaka ya 1930, baadaye na shaba, na mgodi ukafungwa mwaka 1966. Kwa miongo mitatu hapo palikuwa na mji wa mgodi: mitambo, karakana, nyumba za wazungu upande wao na nyumba za vibarua upande wao, na wanaume kutoka vijiji vyote hivi walioingia chini ya ardhi kwa zamu. Macalder ya leo ni hai, ina soko na hospitali, na dhahabu bado inatafutwa. Lakini mji ule wa mgodi umebaki maganjo, na hatuna mahali tunapoweza kumpeleka mtoto wa shule tumwonyeshe kwamba babu yake alifanya kazi hapa, kwa mshahara huu, na alilala pale.

Mgodi ule ulihitaji umeme, na ndio sababu bwawa la Gogo likajengwa kwenye mto Kuja miaka ya 1950. Mtambo wake wa megawati 2 bado unazalisha umeme chini ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Wengi wanaoutazama mtambo huo hawajui kwamba kandokando ya maporomoko yale yale kuna makazi ya kale kuliko ohinga yoyote. Mwaka 1983 mwanaakiolojia Peter Robertshaw alichimba pale akakuta lundo la majivu na samadi lililoachwa na wafugaji wa takriban miaka 2000 iliyopita: mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, mifupa ya wanyama pori na samaki, vyungu, na vipande vya jiwe jeusi la kioo ambalo halipatikani huku kwetu. Jiwe hilo lilitoka upande wa Naivasha. Mtu alilibeba, au lilipita mkono kwa mkono, zaidi ya kilomita 200 hadi kwenye ukingo wa mto Kuja, wakati ambapo hakukuwa na barabara ya Migori, Kisii wala Narok. Bwawa lilijengwa bila yeyote kuuliza lilikuwa likikaa juu ya nini. Siwalaumu wa wakati ule, kwa kuwa hawakuwa na orodha ya kuwaonya. Ikiwa siku moja mtambo huo utapanuliwa, ninyi hamtakuwa na udhuru huo.

Karungu nako naitaja kwa kifupi. Ilikuwa kituo cha serikali ya kikoloni kabla makao hayajahamia Kisii mwaka 1907, na mwaka 1911 Felix Oswald alikuja kuchimba visukuku vya wanyama wa kale akavisafirisha hadi London. Hivyo nayo inastahili kuwamo katika daftari.

Lakini nirudi Macalder, kwa sababu huko jambo hili si la historia peke yake. Lile jalala la mchanga uliobaki baada ya madini kuchujwa linafukuliwa tena na wachimbaji wadogo kwa sababu bado lina dhahabu. Maeneo mengi katika ukanda huu, Macalder, Osiri, Mikei, Masara, kazi ni hiyo hiyo: krasha inasaga mawe, zebaki inamiminwa kwenye karai, mikono mitupu inakanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori ulikuta zebaki, risasi na arseniki katika mazingira ya machimbo. Mashimo ya zamani mengine yako wazi, na watu hushuka ndani bila kujua yanaelekea wapi. Kama tungekuwa na daftari linaloonyesha mji wa mgodi ulianzia wapi na kuishia wapi, mashimo yake yalipita wapi na takataka zake zilimwagwa wapi, lingekuwa linalinda uhai wa watu pamoja na kumbukumbu zao. Ramani za chini ya ardhi za mgodi wa namna hiyo haziwezi kuwa zimetoweka zote. Naomba Wizara izitafute na kuzitoa hadharani.

Sisemi uchimbaji usimame. Dhahabu inalisha nyumba nyingi huku, na wanawake wengi wanaosaga mawe pale ndio wanaolipa karo. Ninachokataa ni kijana kuonyeshwa kilima kama mahali pa kuchimba, bila mtu wa kumwambia kwamba ukuta ulio juu yake una miaka mia nne. Sheria ya Madini ya 2016 imeunda kamati za wachimbaji wadogo katika kaunti. Kamati hiyo ikiwa na nakala ya daftari mezani, kazi yake ni rahisi: angalia, pima umbali, sogeza kibali mita mia chache. Dhahabu haiishi kwa kusogezwa mita mia chache. Ukuta ukiisha, umekwisha.

Kuhusu uwezo wa kisheria, hakuna kinachokosekana. Jedwali la Nne la Katiba limeipa Serikali ya Kitaifa minara na majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na likaipa kaunti shughuli za utamaduni pamoja na makumbusho. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006 inamruhusu Waziri kutangaza mahali kuwa pa kulindwa kupitia gazeti rasmi la serikali, na inaruhusu kuteuliwa kwa walinzi wa urithi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inadai kila kaunti iwe na mpango wa matumizi ya ardhi unaotumia ramani za kompyuta. Hapo ndipo ohingni zinapopaswa kuonekana, kila moja ikiwa na nukta yake, katika ramani ile ile inayoonyesha barabara, shule na mito. Na katika Sheria ya Madini, mrabaha umegawanywa asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi palipochimbwa. Sehemu ndogo tu ya hizo 20 na 10 ingetosha kuwalipa vijana wenye simu za kupimia na wazee wa kuwaonyesha njia.

Ninataja haya yote kwa sababu nilipopeleka jambo hili kwa watu wenye dhamana nilizungushwa. Ofisi moja iliniambia mawe ni ya kitaifa, niende juu. Nilipoenda juu nikaambiwa mahali ambapo hapajatangazwa rasmi ni pa kaunti, nirudi chini. Wote walikuwa wapole na wote walikuwa na kifungu cha kunisomea. Wakati huo kuta zilikuwa zikiendelea kupakiwa. Ndiyo maana barua hii nimewaandikia kwa pamoja, na naiweka wazi, ili kila mmoja wenu ajue mwenzake ameisoma.

Pwani wametuonyesha namna jambo hili linavyokwenda. Gede, kule Kilifi, nayo ni hame. Watu waliuacha mji ule karne ya 17, msitu ukaumeza. Ulitangazwa kuwa mahali pa kihistoria mwaka 1927, James Kirkman akaanza kuuchimba mwaka 1948, na ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita katikati. Ulinzi wa karatasi ulitangulia, utafiti ukafuata, wageni wakafuata, heshima ya dunia ikaja mwisho. Thimlich nayo ilitangazwa miaka ya 1980, zaidi ya miongo mitatu kabla ya Manama. Kama isingetangazwa wakati ule, mawe yake leo yangekuwa kwenye misingi ya nyumba, na sherehe ya 2018 isingekuwepo. Zile nyingine ziko leo mahali ambapo Gede ilikuwa mwaka 1926. Sitarajii zote ziingie katika orodha ya dunia, na wala hazihitaji. Zinahitaji zisiuzwe kwa lori.

Kuna jambo la utalii pia, nami nalisema kwa tahadhari kwa sababu nimechoka kuona urithi ukitetewa kwa hoja ya watalii peke yake. Anayefika Thimlich leo anatembea saa moja au mbili, anapiga picha, anaondoka na barabara ya vumbi aliyojia, na pesa zake analala nazo Migori mjini au Kisumu. Angekuwa na njia ya kufuata, kutoka Gogo hadi Thimlich, hadi ohingni mbili tatu za Kadem na Karungu, hadi Macalder na ufuoni mwa ziwa, angelala huku, angekula samaki huku, na kijana wa bodaboda angepata siku nzima ya kazi akiwa na cha kusimulia. Huwezi kuchora njia hiyo bila kujua vituo viko wapi na vimebaki vingapi.

Kwa hiyo naomba kazi ianze hivi. Makumbusho ya Kitaifa itoe orodha iliyopo, ile ya maeneo 138, kwa kaunti zote mbili, ikiwa katika namna ambayo karani wa ardhi anaweza kuitumia. Kaunti ichague vijana wawili au watatu kutoka kila wadi inayohusika, wafundishwe kupima mipaka na kurekodi sauti, waende kilima kwa kilima wakiwa na chifu, mwenye shamba na mzee. Kila mwenye shamba apewe karatasi yenye muhuri inayosema waziwazi kwamba shamba ni lake na litabaki lake, na kwamba anachoombwa ni kutoondoa mawe na kutolima hadi mguuni pa ukuta. Akikubali kuwa mlinzi, alipwe kitu kila mwezi, hata kama ni kidogo, kwa sababu anaifanyia nchi kazi. Palipo na shule karibu, shule ipewe ohinga hiyo kuwa yake ya kufyeka na kujifunza, chini ya fundi anayejua mzizi upi ung'olewe na upi uachwe, maana kuna kuta ambazo sasa zimeshikwa na mizizi hiyo hiyo iliyozipasua. Na wale wachache waliofundishwa kurekebisha ukuta wa Thimlich bila saruji wapewe wanafunzi. Nimeona mahali ambapo mtu mwenye nia njema alijaza ufa kwa saruji. Maji yakakosa pa kutokea, na kipande cha jirani kikaanguka.

Mheshimiwa Gavana, mpango wa maendeleo ya kaunti tulio nao ni wa 2023 hadi 2027. Makadirio ya bajeti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Naomba katika makadirio yajayo nikute mstari unaosema "Daftari la makazi ya kale", na mbele yake kiasi cha fedha. Waheshimiwa wa Bunge, naomba mmoja wenu alete hoja ya kusimamisha vibali vya kuvunja mawe juu ya vilima vya Nyatike hadi upimaji ukamilike. Mkurugenzi Mkuu, naomba uje mwenyewe, na ukija usiishie langoni pa Kochieng. Sisi wa huku tutakupeleka kwenye zile ambazo hazina kibao, na wenye mashamba watakupokea, mradi uje na jibu la swali lao la ardhi.

Mkiitisha kikao cha maoni ya wananchi, nitakuja na picha nilizopiga, na nitakuja na wazee waliokubali kusema. Wakati huohuo naomba jibu la maandishi kutoka kwa kila ofisi niliyoiandikia, kama Kifungu cha 35 cha Katiba kinavyoniruhusu kudai habari: ni ohingni ngapi mnazozijua ndani ya mipaka yenu, na ni vibali vingapi vya kuchimba au kuvunja mawe vimetolewa karibu nazo.

Wenu katika kuitumikia kaunti hii,

Mkazi wa Nyatike